Potashi kwa Viazi Vitamu: Je, Yafaa Udongo wa Mombasa?

Assalam aleikum watazamaji wangu, karibuni bustanini. Mezani nina mifuko miwili: huu wa DAP, ambao dukani utapewa ukisema tu "nataka mbolea ya kupandia", na huu wa potashi, yaani mbolea ya potasiamu; hii ni salfeti ya potasiamu, kwa kifupi SOP, ambayo lazima uiulizie kwa jina.

Nazungumzia viazi vitamu, jamani. Mbatata za karai tuwaachie Nyandarua, maana hutaka ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 ndipo zizae vizuri, na joto letu halishuki huko hata usiku.

Haya, someni nambari hizi. DAP: 18-46-0. Ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Hiyo ya tatu ni sufuri! Na potasiamu ndiyo inayosaidia sukari ya majani ishuke chini ijaze kiazi. Naitrojeni ikizidi, marando yatatambaa hadi kwa jirani, nawe ukichimba wakuta vijizizi tu. SOP ni 0-0-50. Hiyo ndiyo nafasi tuliyokuwa tukiiacha wazi.

Najua mtaniuliza: jivu la jikoni si lipo bure? Lipo, na potasiamu linayo. Lakini tazameni. Huu ni udongo mkavu kutoka Kisiwani, namwagia siki... mwaona povu? Hiyo ni chokaa ya matumbawe. Jivu nalo laongeza uchokaa uleule, na kiazi kitamu hupenda udongo wenye uchachu kidogo, yaani pH ya 5.5 hadi 6.5. Chokaa ikizidi, chuma na zinki hujifunga udongoni, na majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kwa hivyo penye povu, jivu acheni kabisa. Mwenye mchanga mwekundu usiotoa povu anaweza kunyunyiza kidogo.

Muuzaji akikwambia chukua MOP, 0-0-60, ni rahisi zaidi, bei kweli ni nafuu. Ila ile ni kloridi ya potasiamu. Kama wamwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi, waongeza chumvi juu ya chumvi. Mimi hapo nalipa zaidi nichukue SOP.

Kasoro yake? Potashi hailishi udongo wenyewe. Mchanga wetu hauzuii kitu, na mvua ya masika huipitisha yote chini. Ndiyo maana nasisitiza samadi ya mbuzi iliyooza kwanza, kilo mbili tatu kwa mita mraba, mchanganye vizuri na udongo wa tuta. Samadi mbichi hapana, huunguza. Bila samadi, msinunue mfuko huu, pesa zenu zitapotea na maji.

Kwa mwenye samadi tayari, nasema nunueni, na muombe kupimiwa kilo moja moja, msijitwishe gunia zima. Gramu 30 kwa mita mraba: nusu yake muiweke siku ya kupanda, na nusu iliyobaki katika wiki ya tano au ya sita. Chimbeni kijifereji pembeni mwa tuta, nyunyizeni humo, fukieni, mwagilieni. Anayepanda kwenye gunia barazani, nusu kijiko cha chai kila mara chamtosha.