TAHADHARI: Miwani ya kompyuta "inayojirekebisha yenyewe" na kile kikalamu cha bluu

Jamani mnaoshinda mbele ya kompyuta, hasa nyie mliovuka 40 kama mimi na maandishi ya simu yameanza kuwakimbia, someni hapa kwanza kabla hamjamtumia mtu hela.

Nimepigwa. Tena nimepigwa kizembe kabisa, kwa tangazo la mtandaoni, lile la mzee anasoma gazeti kisha anainua kichwa anaangalia kompyuta kisha anaangalia dirishani, miwani ni ileile, na maandishi makubwa yanasema lenzi inajirekebisha yenyewe kwa umbali wowote, inazuia mwanga wa bluu, haihitaji kupimwa macho. Chini kuna saa inahesabu kurudi nyuma, pea zimebaki chache. Nikaharakisha nikalipa. (Juzi nimeufungua ule ukurasa tena, saa bado inahesabu dakika zilezile, na pea bado zimebaki chache.)

Mzigo ulifika, hilo sikatai. Ndani kuna miwani myepesi kama ya kuchezea, kikadi cheupe na kikalamu cha kumulika. Siku ya kwanza nikasema basi nitazoea. Wiki ya pili shingo imekaza, nashtukia kila nikikaa kazini nimeisogelea skrini mpaka pua inataka kugusa. Nikijiegemeza kwenye kiti kama binadamu, maandishi yanafifia.

Nikaipeleka kwa fundi wa miwani, akaiweka kwenye mashine yake ya kusomea lenzi, dakika moja tu. Akaniambia namba ya lenzi hii ni +2.00, juu mpaka chini, kulia na kushoto, hakuna kinachojirekebisha hapa, hii ni miwani ya kawaida ya kusomea.

Sasa hapa ndo kwenye utapeli wenyewe, na hesabu yake ni rahisi tu. Chukua 1 gawa kwa namba ya lenzi unapata umbali kwa mita. Kwa mtu ambaye mbali anaona vizuri bila miwani, +2.00 inamfikisha nusu mita basi, kinachozidi hapo kinaanza kuwa ukungu. Skrini yangu iko sentimita 70 hivi kutoka usoni, ndo maana nilikuwa najivuta mbele kama kobe! +1.50 ingenifikisha sentimita 67 hivi, +1.00 mita nzima. Kwa hiyo miwani ya kitabu na miwani ya kompyuta si lazima iwe kitu kimoja, kitabu unashika karibu, skrini iko mbali kidogo, na lenzi moja yenye namba moja haiwezi kukupa gazeti, skrini na dirishani vyote kwa pamoja. Zipo lenzi zinazobadilika namba taratibu kutoka juu kwenda chini, hizo ni za kweli, ila zinatengenezwa kwa vipimo vya macho yako na urefu wa fremu usoni kwako, na hata hizo sehemu ya kuonea skrini huwa nyembamba, wengi wanaishia kuinua kidevu siku nzima. Kama unaandika kutwa, muulize mpimaji habari za lenzi za ofisini, zile zenye sehemu pana ya umbali wa mezani.

Unaweza kuwaumbua mwenyewe nyumbani. Shika miwani juu ya karatasi yenye mistari, umbali na karatasi uwe uleule, isogeze polepole ili uione mistari kupitia sehemu ya juu ya lenzi mpaka ya chini. Ukuzaji ukiwa uleule juu mpaka chini, ujue umeuziwa namba moja. Halafu ishike mbele kidogo ya macho, angalia ukingo wa mlango kupitia lenzi huku unaichezesha, kama ni ya namba moja na mstari unajikunja ovyo kama nyoka, lenzi yenyewe mbovu.

Tuje kwenye kikalamu, maana hicho ndo kinachowamaliza watu. Wanamulika kikadi kinapata doa la bluu, wanaweka lenzi katikati, doa linapotea, wewe unapiga makofi. Sasa soma ubavuni mwa kalamu: nanomita 405 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndicho kinachotaja rangi yake). Hiyo ni zambarau, jirani kabisa na mionzi ya jua isiyoonekana. Mwanga wa bluu wa skrini nyingi za LED una kilele chake kwenye nanomita 450 hivi. Lenzi inaweza kuzuia huo wa kalamu vizuri tu na ikaacha wa skrini upite bila hodi. Nilijaribu na miwani yangu ya zamani ambayo haijawahi kujisifia chochote, nayo doa likafifia vilevile. Na hata ikizuia kweli, mwaka 2023 Cochrane, wale wanaochambua tafiti za afya, walipitia majaribio 17 ya lenzi za kuzuia mwanga wa bluu na wakaona huenda hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ukilinganisha na lenzi za kawaida. Macho yanachoka kwa sababu unakodoa saa nyingi, kupepesa ambako kwa kawaida ni kama mara 15 kwa dakika kunashuka sana, jicho linakauka, na namba yako haiendani na umbali wa skrini.

Kalamu yenyewe nimeitoa betri, ukiwa na mtoto nyumbani usiiache ovyo, huo mwanga ukiingia jichoni si mchezo.

Kuhusu kurudishiwa hela, mchezo wao ni huu: kwanza wanakuomba video, ukituma wanakwambia hujaizoea, ukikaza wanakupa punguzo dogo ubaki nayo, ukikataa wanakutaka uirudishe kwa gharama zako kwenda nchi nyingine, na gharama inazidi bei ya miwani. Nilipowatumia picha ya kile kipimo cha fundi wakaniblok. Komenti kwenye ukurasa wamezifunga, zilizopo zote ni sifa.

Kwa hiyo muuzaji asiyekuuliza skrini yako iko umbali gani, asiyetaka vipimo vyako wala umbali kati ya mboni zako mbili, mkimbie. Na anayesema miwani yake inaondoa mtoto wa jicho ndo kabisa, hicho kitu kinatolewa kwa upasuaji. Kama uoni umeshuka ghafla au unaona vimulimuli, achana na mambo ya miwani kwanza, wahi kwa daktari wa macho leo leo.

Jana tangazo limenitokea tena, ukurasa jina jipya, mzee yuleyule, ila safari hii wamemvika koti la daktari.