Pakiti za mbegu za kuchangia bustani ya shule: chukua kwa mali kauli, na zioteshe kabla ya kuziuza

Wazo lenyewe ni jepesi, ndiyo maana limeenea. Muuza mbegu anaipa shule au kikundi cha mtaa kisanduku cha pakiti za mbegu za mboga. Wanafunzi na wazazi wanaziuza, mapato yanagawanywa, na fungu la kikundi linaingia kwenye bustani ya chakula. Mchangiaji haondoki mikono mitupu, na alichoondoka nacho kinafanana na kile alichokichangia. Kwa harambee ndogo hii ni njia nzuri kuliko kuuza peremende au kalenda, na tunaipendekeza bila kusita. Ila visanduku havilingani, na ubovu wake hauonekani kwenye picha ya nyanya nyekundu iliyochapwa mbele ya pakiti.

Tuanze na mkataba, maana fedha nyingi hupotea hapo kabla ya pakiti ya kwanza kuuzwa. Kuna namna tatu. Ya kwanza, kikundi kinanunua kisanduku kizima kwa bei ya jumla na kubaki na faida yote. Ya pili ni mali kauli: unachukua mzigo, unalipia ulizouza, unarudisha zilizobaki. Ya tatu ni oda, yaani watu wanajaza fomu na kulipa kwanza, kisha mbegu zinaagizwa kwa idadi kamili.

Pima namna hizi kwa bei ya pakiti moja, uone. Tuseme kisanduku kina pakiti 200, bei ya jumla ni nusu ya bei ya kuuzia, na usafiri umegharimu sawa na pakiti 10. Kwa kununua, umeshatoa thamani ya pakiti 100 na usafiri 10, kwa hiyo pakiti 110 za kwanza zinarudisha mtaji tu. Ukiuza 170, bustani inapata thamani ya pakiti 60. Kwa mali kauli yenye mgao wa nusu kwa nusu, mauzo hayohayo 170 yanaleta 85, toa usafiri 10, zinabaki 75. Soko likiwa gumu ukauza 110 tu, aliyenunua ameambulia sifuri, wa mali kauli ana 45. Aliyenunua anamfikia mwenzake akimaliza pakiti zote 200 tu, wala hampiti, na ni vikundi vichache vinavyofika huko. Kwa hiyo mali kauli, isipokuwa mna orodha ya wanunuzi walioahidi kwa maandishi. Hapo oda ni bora zaidi kwa sababu hakuna pakiti inayobaki. Na kabla ya kusaini, muulize muuzaji mambo mawili: nani analipia usafiri wa kurudisha, na pakiti iliyokunjika kona inahesabika kuwa imerudi au imeuzwa? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Sasa mbegu zenyewe. Pakiti nzuri ina jina la aina, namba ya kundi la mbegu, kiwango cha uotaji na tarehe. Angalia tarehe hiyo ni ya nini. Tarehe ya kufungasha haisemi mbegu ilivunwa lini. Tarehe ya kupimwa uotaji ndiyo yenye maana. Kitunguu na vitunguu majani huchoka mapema, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, ilhali nyanya ikitunzwa pakavu hudumu miaka minne na zaidi. Kisanduku chenye vitunguu vya msimu wa juzi ni mzigo wa kurudisha siku hiyohiyo.

Usiamini maandishi peke yake. Chukua pakiti moja ya kila aina, uioteshe. Maabara zinazofuata kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji mbegu kilichoundwa mwaka 1924, hupima mbegu 400 kwa mafungu. Kwa kikundi, mbegu 50 zinatosha. Mbegu 10 hazitoshi: kundi linaloota kwa asilimia 70 na lile la asilimia 90 yanaweza kutoa matokeo yaleyale. Lowesha kitambaa cha pamba, kikamue mpaka kisidondoshe maji, panga mbegu zisigusane, kizungushe kama mkeka, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kilegevu ili hewa ipite. Kiweke kivulini penye joto la nyuzi 25 hivi. Hesabu ya mwisho ni siku ya 9 kwa maharage, 12 kwa kitunguu, 14 kwa nyanya na karoti. Zilizoota zidisha kwa mbili, umepata asilimia.

Siku ya nne au ya tano ukifungua kitambaa utaona manyoya meupe kuzunguka mzizi, na wengi hutupa kipimo wakidhani ni ukungu. Nyunyizia maji. Manyoya ya mzizi hulala na kutoonekana. Ukungu hubaki umesimama, na kwa kawaida umetanda hata kwenye ganda la mbegu na kwenye kitambaa. Kwa maharage, mimina pia pakiti nzima kwenye sahani nyeupe: matundu ya mviringo na unga mwembamba ni kazi ya bungua, na pakiti moja yenye bungua itaambukiza za maharage na kunde zote zilizo nayo.

Jambo linaloharibu harambee nyingi bila mtu kulijua ni kitunguu. Aina za siku ndefu zinahitaji mwanga wa saa 14 au zaidi kwa siku ndipo zitunge kichwa. Zikipelekwa karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, zitaota vizuri na kutoa majani mazuri, kichwa hakuna. Mnunuzi hatalaumu urefu wa mchana. Ataona shule imemuuzia mbegu mbovu, na mwaka ujao hachangii. Taja mahali ulipo unapoagiza, na udai aina ya siku fupi ikiwa uko ukanda wa joto. Mbegu zinazovuka mpaka huhitaji pia cheti cha usafi wa mimea kwa kawaida; mzigo bila cheti unaweza kuzuiwa au kuteketezwa, na msimu hausubiri.

Kataa kabisa mbegu zilizopakwa dawa. Utazijua kwa rangi: waridi, nyekundu, kijani au buluu isiyo ya mbegu. Ni dawa ya kuvu au wadudu, na watoto watazishika, watazihesabu, wengine watazitia mdomoni. Chotara, yaani mbegu iliyotokana na kuchanganya aina mbili, kwa upande mwingine si sumu wala si mbaya, lakini mbegu ukizihifadhi kutoka kwenye chotara hazitazaa mimea inayofanana na mzazi. Bustani inayotaka kujitegemea kwa mbegu iombe aina za kawaida, hasa maharage, nyanya na letisi ambazo hujichavusha zenyewe na ni rahisi kwa wanafunzi kuzihifadhi.

Utunzaji wa kisanduku nao umewaangusha wengi. Joto na unyevu ndio maadui. Kanuni ya Harrington, inayotumiwa na wahifadhi mbegu, inasema kila nyuzi 5 za joto zikipungua, maisha ya mbegu huongezeka maradufu, na vivyo hivyo unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia moja. Kisanduku kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari au chini ya bati la jua kali kinaua mtaji wa watu. Kiweke sakafuni, chumba chenye hewa, ndani ya debe la kufunga.

Fedha: kila pakiti ipewe namba kabla haijatoka. Mwanafunzi achukue pakiti 10, si zaidi, jina lake liandikwe daftarini pamoja na namba hizo, na asiende nyumba kwa nyumba peke yake. Makusanyo yahesabiwe siku hiyohiyo na watu wawili, wote wasaini, stakabadhi itolewe. Mweka hazina asiwe ndiye anayetunza kisanduku. Nchi nyingi pia hutaka kibali cha kuchangisha hadharani, na nyingine hutaka anayeuza mbegu awe amesajiliwa. Ulizia mapema ofisi inayohusika.

Juu ya kisanduku pawe na kadi inayosema fedha zitanunua nini, na tunashauri kwa nguvu zote kwamba neno la kwanza kwenye kadi hiyo liwe maji. Wachangiaji hupenda kuona majembe mapya na uzio uliopakwa rangi, lakini bustani za shule hufa kwa kiu, hasa wakati wa likizo. Hesabu haina huruma: milimita 25 kwa wiki, ambazo mboga nyingi huhitaji, ni lita 25 kwa kila mita ya mraba. Matuta ya mita 100 za mraba yanataka lita 2,500 kila wiki mvua isiponyesha, yaani ndoo 250 za lita 10. Nani atazibeba shule ikifungwa? Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hutoa takriban lita 800 baada ya upotevu, kwa hiyo mifereji ya paa, tanki na mipira ya matone vinatangulia kila kitu. Kisanduku kimoja hakitanunua tanki. Kitanunua mifereji, au mipira, na kikiuzwa vizuri misimu miwili kitakupa daftari safi la kumwonyesha mfadhili wa tanki.

Pakiti zilizobaki ambazo muuzaji hazipokei zisirudi sokoni msimu ujao kwa bei ileile. Zipimwe tena kwa kitambaa. Zilizo juu ya asilimia 70 zipandwe kwenye matuta ya shule, zilizopungua hapo zipandwe kwa wingi zaidi kwenye kitalu, na za kitunguu zilizofika mwaka wa pili zitiwe kwenye mboji.