Uzoefu wangu Fotheringhay: ngome iliyobaki udongo

Naishi Leicester, Uingereza, na kila nikienda mjini napita karibu na kanisa kuu alimozikwa Mfalme Richard wa Tatu, yule ambaye mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari ikazikwa upya Machi 2015. Kaburi lake nimeshalizoea. Nilichokuwa sijakiona ni pale alipozaliwa, tarehe 2 Oktoba 1452, katika ngome ya Fotheringhay, mkoa wa Northamptonshire. Basi Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti tukaingia garini mimi na yeye, tukaenda.

Niseme mapema, maana wengi hufika na picha ya minara na kuta kichwani: jengo halipo. Kilichobaki ni kilima kilichorundikwa na watu, mahandaki yake, uwanja ulioinuka mbele ya kilima, na bonge moja la ukuta kando ya mto. Nimeona watu wakilalamika kwamba "hakuna kitu". Mimi nasema kipo, tena kingi, ila kinataka usimame ukitazame.

Kijiji chenyewe ni kidogo, nyumba za mawe ya chokaa, kama kilomita 6 kutoka mji wa Oundle. Kiingilio hakuna. Eneo liko kwenye ardhi ya shamba la mtu, na wageni wanaruhusiwa kuingia. Ramani ya simu ilitupeleka kwanza kwenye geti la shamba jingine kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa akikata ua wa michongoma akatuelekeza vizuri. Vaeni viatu vya kufunga. Kondoo wanalishwa pale, mavi yao yametapakaa, na asubuhi majani yana umande unaolowesha hadi magoti. Mama alikuja na kandambili, nikarudi garini kumletea raba za mke wangu.

Sasa kilima. Baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walijenga ngome za namna hii nchi nzima, na ukisimama chini kwenye handaki unaelewa kazi ilivyofanyika bila kusimuliwa. Walichimba mfereji wa kuzunguka, udongo waliotoa wakaurundika katikati na kuushindilia, juu yake wakaweka mnara. Kila koleo moja liliongeza kina cha handaki na urefu wa kilima kwa pamoja. Hiki cha Fotheringhay kilirundikwa karibu na mwaka 1100. Kimepigwa na mvua za Uingereza kwa miaka 900, na bado kukipanda kunakutoa jasho.

Tulipanda polepole, Mama kanishika mkono, akipumzika kila hatua chache. Kule juu upepo ulikuwa mkali. Mto Nene unaonekana ukipinda taratibu kati ya malisho, na upande wa kijiji unasimama mnara wa kanisa wenye pembe nane. Jua lilikuwa bado liko chini, na hilo ndilo lililotusaidia: kila tuta lilikuwa na kivuli chake. Ukingo wa handaki na mipaka ya uwanja wa ndani vilijichora kwenye majani kama mistari ya kiganja. Saa sita mchana, tulipogeuka kuangalia kwa mara ya mwisho, karibu vyote vilikuwa vimepotea, uwanja umekuwa malisho tu. Kwa hiyo nendeni asubuhi au alasiri kuelekea jioni. Ushauri huu ni wa maana kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

"Baba, mawe yake yalikwenda wapi?" Mama akaniuliza.

Nikamwambia yalichukuliwa na watu, wakajengea kwingine. Akatikisa kichwa. "Hata kwetu, nyumba ikishaachwa, mawe yake hayalali siku mbili. Udongo nani aubebe?"

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Wapo wanaosimulia kwamba Mfalme James wa Kwanza aliivunja ngome hii kulipiza kisasi cha mama yake, aliyeuawa humu. Si kweli. James alifariki mwaka 1625, na ngome ilibomolewa katika miaka ya 1630. Kisasi hakikuwemo. Jengo lilikosa mwenye haja nalo, na mawe mazuri yana wanunuzi.

Mama yake James ni Mary, Malkia wa Waskoti. Alikimbilia Uingereza mwaka 1568 kutafuta hifadhi kwa binamu yake, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, akafungwa kwa karibu miaka 19. Oktoba 1586 alishtakiwa hapa Fotheringhay kwa njama ya kumuua Elizabeth, na tarehe 8 Februari 1587 akakatwa kichwa katika ukumbi mkubwa wa ngome, akiwa na miaka 44. Ukumbi ule ulikuwa pale kwenye uwanja ulioinuka, kati ya kilima na mto. Nilimsimulia Mama juu ya kijibwa cha Mary, kilichojificha ndani ya sketi zake kikakutwa baada ya kifo, hakitaki kumwacha. Mama alikuwa ameketi kwenye majani. Hakusema kitu. Baadaye nikamwona midomo inamcheza, anamwombea mwanamke asiyemjua, wa dini nyingine, aliyekufa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mimi nikaondoka pembeni kidogo nikamwacha.

Karibu na maji lipo lile bonge la ukuta, limezungushiwa uzio wa chuma, na lina vibao viwili: kimoja cha Mary, kingine cha Richard. Mmoja alizaliwa hapa, mwingine aliuawa hapa. Mbigili zimeota sehemu sehemu. Wenyeji husema ni Mary aliyezipanda, kwa kuwa mbigili ni alama ya Uskoti. Hadithi tu, ila nimeipenda.

Msiondoke bila kuingia kanisani. Ni nusu tu ya kanisa la zamani, upande wa madhabahu ulibomolewa, lakini wamezikwa humo wakuu wawili waliokuwa na cheo cha Duke wa York, akiwemo baba yake Richard.

Upungufu upo. Choo hatukukiona kwenye eneo la ngome, na kwa mtu mwenye umri wa Mama hilo si jambo dogo. Kiti cha magurudumu hakiwezi kupanda kilima. Na maelezo niliyoyakuta hayakutosha kumwonyesha mgeni ukumbi ulisimama wapi. Kama sikuwa nimesoma nyumbani, tungeukanyaga bila kujua. Kumbukeni pia eneo linalindwa kisheria: msichimbe, wala msije na mashine za kutafutia vyuma. Kila tuta linalovunjwa ni ukurasa umechanwa.

Nimetoa nyota 4 kati ya 5. Nitarudi Februari, majani yakiwa mafupi na jua liko chini mchana kutwa, nione kama handaki la nje linafuatika hadi mwisho.