Toyota IST ya 1.3 hapa Lubumbashi: inapookolea pesa, na inapozila

Kila anayeniuliza juu ya gari hii ndogo, IST, anaanza na esanse (petroli). Ni kweli hainywi sana: yangu inakula kama lita saba kwa kilomita 100 nikienda Likasi, mjini inafika tisa. Lakini faida yake kubwa ni piesi. Injini yake, 2NZ-FE, ndiyo iliyomo kwenye Toyota nyingine, Vitz na Funcargo nyingi, kwa hiyo kikikatika kitu fundi anakipata siku hiyo hiyo, kipya au cha okazyo. Tena inatumia cheni, si mkanda, basi gharama ya kubadilisha mkanda wa injini haikuhusu.

Mimi nauza unga na makayabu (samaki wa chumvi), Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, naenda karibu kila juma. Viti vya nyuma vikilazwa, magunia sita ya kilo 25 yanaingia vizuri. Ukiongeza la saba, tumbo la gari linakwaruza kwenye matuta.

Ukienda kununua, dai ile karatasi ya mnada ya Japani, inayoandika hali ya gari. Alama 4 au 3.5 si mbaya. R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Kilomita zimeandikwa humo, zilinganishe na za dashibodi. Yangu ilikuwa na mchoro wa gari, na mlango wa nyuma umeandikwa A1, yaani mkwaruzo mdogo. Nikaupapasa mlango mbele ya muuzaji, nikaukuta pale pale. Bei ikashuka, na yeye akanuna! Akikuambia karatasi imepotea, tafuta gari lingine.

Sasa ubaya. Usukani uko kulia na sisi tunaendesha kulia. Kupita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi kunataka mtu wa kiti cha kushoto akuangalilie. Nikiwa peke yangu namfuata tu, vumbi na moshi vyote vyangu. Taa nazo zimeundwa kwa Japani, kwa watu wanaoendesha kushoto. Ukiweka taa za karibu (zile za kupishana), mwanga unainukia upande wa kushoto, na huku kwetu ndiko wanakotokea wenzako. Ndiyo maana usiku wanakupigia taa bila kukoma. Weka hela pembeni ya kutafuta taa za usukani wa kushoto.

Gia otomatiki haitaki ubahili. Inadai mafuta ya Type T-IV. Shemeji yangu aliwekewa mafuta mekundu ya bidoni kwenye garaje moja, bei nusu. Miezi michache tu gia zikaanza kupiga teke, na kutengeneza kukamla pesa ambayo ingemlipia vidanji (kubadilisha mafuta) ya miaka.

Nyota nne kati ya tano. Wa mizigo mizito achukue Toyota Probox, ile ya kubebea mizigo. Anayekwenda Likasi usiku mara kwa mara, heri aongeze dolari apate gari ya usukani wa kushoto.