Mandhari ya Unguja: rangi za maji au za mafuta?

Wachoraji wa mandhari wakikutana Mji Mkongwe, hoja hii haikosi. Kwa gharama, rangi za maji zinashinda bila ubishi: kisanduku kidogo, brashi mbili tatu, karatasi nzito. Za mafuta zinadai turubai, tapentaini na subira.

Ugumu uko kwenye hewa yetu. Jambiani maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na rangi ya bahari hubadilika huku unaitazama. Rangi za maji huiwahi. Lakini masika yakiingia, Machi hadi Mei, karatasi hunyonya unyevu na kuota ukungu. Itataka fremu yenye kioo, tena mbali na jua, maana baadhi ya rangi hupauka. Za mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni, siku kadhaa hadi wiki, na upepo wa kusi ukivuma mchanga hunasa juu yake. Zikishakauka, hudumu miaka mingi kwa uangalizi mdogo, wala hakuna kioo cha kuvunjika safarini.

Picha ndogo za maji huuzika haraka. Jina, kwa maoni yangu, hujengwa zaidi na za mafuta.

Na sadaka? Picha moja kubwa ya mafuta yafaa mnada wa kuchangia madrasa. Wachangiaji wakiwa majirani, ningetoa kadhaa ndogo za maji, ili mwenye kipato kidogo naye atoe chake.

Mwenye chumba kikavu cha kuhifadhia aanze na mafuta. Anayezunguka Pemba kwa daladala abebe rangi za maji.