Likizo ya familia kwenye mabonde ya dinosaria, Alberta: uzoefu wangu

Kama una watoto wanaopenda dinosaria na uko Kanada magharibi, au una ndugu wa kukupokea huko, nenda Alberta kabla hujafikiria mahali pengine. Sisi tulikwenda Julai: mimi, mume wangu, watoto, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Lindi. Kila anayeniuliza namwambia hivyo hivyo.

Kutoka Calgary hadi mji wa Drumheller ni kama saa moja na nusu kwa gari. Njiani ni tambarare tupu: ngano, kanola iliyochanua njano mpaka macho yanauma, ghala la nafaka moja moja. Halafu ardhi inakatika ghafla na barabara inateremka kwenye bonde la mto Red Deer, kuta zake zina mistari ya kahawia, kijivu na nyeusi. Ile nyeusi ni makaa ya mawe, na mji wenyewe uliishi kwa migodi yake.

Makumbusho ya Royal Tyrrell wahini asubuhi, kabla umati haujafika. Yalifunguliwa 1985 na yamepewa jina la Joseph Burr Tyrrell, aliyeokota fuvu la dinosaria aitwaye Albertosaurus katika bonde hilo mwaka 1884. Watoto walikimbilia T. rex, lakini mimi nilinasa kwa Borealopelta, dinosaria aliyegunduliwa na mwendesha mtambo mgodini karibu na Fort McMurray mwaka 2011. Huyo si mifupa mitupu. Ngozi yake yenye magamba na miiba imegeuka jiwe ikiwa nzima, amelala kama mamba anayeota jua. Ana umri wa miaka milioni 110 hivi, na unaweza kuhesabu magamba ya shingo yake moja baada ya jingine.

Lile sanamu kubwa la dinosaria mjini, lenye ngazi 106 hadi mdomoni, ni la watoto. Panda, piga picha, shuka.

Uhondo wenyewe uko Dinosaur Provincial Park, mwendo wa saa mbili hivi kusini-mashariki, karibu na Brooks. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na sehemu kubwa ya hifadhi huingii bila mwongozaji, kwa hiyo kateni tiketi mapema sana. Mama magoti yanamsumbua, tukachukua safari ya basi. Mume wangu na watoto walikwenda ile ya kutembea kwa miguu, wakarudi wamejaa vumbi na furaha. Mwongozaji aliwaonyesha namna ya kutofautisha mfupa na jiwe la kawaida: lowesha kidole, kibonyeze juu yake. Mfupa una vitundu vidogo vidogo, unakishika kidole, jiwe halishiki. Ukishajaribu unarudisha palepale, maana kuondoka na kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, ni kosa la jinai.

Kuna pia vibanda ambamo mifupa imeachwa ardhini ilipokutwa, unaiangalia kupitia kioo. Hapo mama alisimama muda mrefu. Kwao Lindi kuna Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Wapagazi waliibeba mifupa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini, na leo mnyama wa zaidi ya mita 13 kwenda juu amesimama Berlin. "Wenzetu wa huku wanaiona mifupa yao nyumbani kwao," mama aliwaambia wajukuu zake, "na nyinyi ya kwenu mpaka mpande ndege mwende Ujerumani." Watoto waliuliza maswali ya Tendaguru njia nzima ya kurudi. Kwangu hilo peke yake lilitosha kulipia safari.

Malazi ndiyo yaliyotuangusha. Nyumba ya wageni tuliyolipia mtandaoni haikuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi, na bonde lile Julai ni tanuri. Ulizeni kwa simu kabla ya kulipa, au chukueni nafasi ya hema ndani ya hifadhi, chini ya miti kando ya kijito. Mbu wapo, bebeni dawa. Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani, na kofia kwa kila mtu. Na mvua ikinyesha msipande vilima: udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, hata viatu vya kupandia mlima havisaidii. Subirini ukauke.