Wakala aliyekipatia kirikuu changu namba za Texas

Nilipoamua kununua Suzuki Carry ya mwaka 1999 moja kwa moja kutoka mnadani Japani, gari lenyewe halikunitia wasiwasi. Kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani, hakina mafumbo: injini haizidi cc 660, urefu haufiki mita 3.4, na kinaruhusiwa kubeba kilo 350. Hofu yangu ilikuwa kwenye makaratasi, na ndiyo maana kazi yote, tangu kulitoa gari bandarini Houston hadi kulifunga namba, nilimwachia wakala mmoja anayeshughulika na magari haya tu.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba alikataa gari lipakiwe melini kabla hajaona tarehe yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 hairuhusu kuingiza gari lisilotimiza viwango vya usalama vya nchi hiyo mpaka litimize miaka 25, na umri huo huhesabiwa hadi mwezi. Masharti ya hewa chafu ni mepesi zaidi, kwa kuwa miaka 21 inatosha iwapo injini haijabadilishwa na nyingine ya aina tofauti, na kwa hilo aliomba picha ya namba ya injini. Vilevile alinieleza mapema, kwa maandishi, kwamba gari la mizigo hutozwa ushuru wa asilimia 25, kiwango kilichopo tangu 1964, ilhali wauzaji wengi mtandaoni hulinyamazia jambo hilo hadi mteja ameshalipa.

Hata hivyo, hapo hapo kwenye tarehe ndipo alipoteleza. Hati ya Japani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme, na yangu ilisomeka Heisei 11, mwezi wa tatu, yaani Machi 1999. Mtafsiri wake aliandika 2011. Kwa tarakimu hiyo moja kirikuu changu kikawa gari la miaka 13 mbele ya forodha, nacho kikakaa bandarini siku tisa huku gharama za hifadhi zikiongezeka kila siku. Wakala alikiri kosa, akaleta tafsiri mpya, na akalipa gharama hizo mwenyewe bila kusukumwa. Ninamheshimu kwa hilo, lakini kosa la aina hii halipaswi kumpita mtu ambaye kila siku kazi yake ni kusoma hati hizo.

Katika ofisi ya kaunti ndiko alikostahili kila dola niliyomlipa. Hadi mapema mwaka 2024 Texas ilikuwa ikikataa kuyasajili magari haya, na mwezi wa nne mwaka huo ndipo ilipobadili msimamo, hivyo karani aliyetupokea hakuwa amewahi kuona hata moja. Kompyuta yake ilidai namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, wakati kibati cha gari langu kinaanza na DB52T na kufuatiwa na tarakimu sita tu. Wakala alikuwa amekuja na waraka wa idara ya magari ya Texas wenye maelekezo mapya pamoja na fomu ya afisa wa polisi aliyeikagua namba hiyo kwa macho yake, akamwelekeza karani kwa upole hatua kwa hatua, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimezishika namba mkononi.

Lawama yangu kubwa ni juu ya taa. Taa za mbele za Japani zimetengenezwa kwa nchi inayoendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga wake hupanda kuelekea kushoto, na mtu anapoendesha upande wa kulia unampiga machoni dereva anayekuja mbele yake. Gari lilipita ukaguzi nalo likiwa hivyo. Mimi niligundua usiku wa kwanza, pale madereva watatu waliponimulikia mfululizo ingawa taa zangu zilikuwa zimeshushwa, na kesho yake nikaanza kutafuta taa mbadala kwa fedha yangu. Wakala aliyekwisha kusajili magari mengi ya aina hii alilijua jambo hilo, na alipaswa kuniambia.

Ningempa kazi tena, kwa sharti kwamba tafsiri ya hati niisome mimi kabla haijafika forodhani, na bei ya taa iwemo kwenye makadirio yake ya mwanzo.